Daftari la Marehemu Kang'ethe

Mwalimu Nicodemus alikutwa kifudifudi darasani, katika shule ya shamba la mzungu mmoja nje ya Molo, kisogo kimepasuka. Kando yake palikuwa na kengele ya shule yenye damu. Mpini ulikuwa umepanguswa vizuri, hauna alama hata moja ya kidole. Ilikuwa Aprili 1958, na mvua ilikuwa imenyesha siku tisa mfululizo.

Inspekta Khisa hakuipenda baridi ya Molo, sembuse manabii wake. Wa sasa aliitwa Hiram Kang'ethe, mpishi wa zamani wa wazungu aliyejivika kanzu nyeupe. Alitembea na daftari alilodai liliandikwa mwaka 1939 na babake, aliyefariki 1941. Eti lilitabiri nzige, Hali ya Hatari ya 1952, hata jalidi, ile barafu ya alfajiri, iliyounguza viazi Februari iliyopita. Kisha likaagiza watu wasipande, kwani mvua haitarudi na mwisho umefika. Familia arobaini za vibarua zilitii. Mvua iliporudi, Hiram alisema ni ya kuwajaribu, nao wakamwamini, maana mjinga hakosi mwalimu wake. Na mzungu alikuwa na sheria moja: kibarua asiyelima kishamba chake atafukuzwa.

Wangare, mjane wa mwalimu, alisema mumewe alikusudia kusimama kanisani Jumapili awahimize watu wapande.

"Angewaambia nini?" Khisa aliuliza.

"Kwamba mchezo huo ni wa kale, afande. Mtu anaandika yaliyokwisha kupita, anatia jina la mzee aliyekufa, yanaonekana yalitabiriwa. Ukitaka kujua kitabu kiliandikwa lini, alisema, tafuta kinapoanza kukosea."

"Na Ufunuo wa Yohana, nao ni mchezo huo?"

"Huo aliuheshimu. Hata kama Yohana huyo si yule mtume, aliandika kwa jina lake mwenyewe, akiwa mfungwa kisiwani."

Khisa akalisoma daftari. Jalidi ya Februari ilikuwa sahihi hadi siku. Mvua ya Aprili ilikosewa. Basi mzee aliandika mwezi Machi, miaka kumi na saba baada ya kuzikwa. Mzee hodari kweli.

Kituoni, Hiram aliketi kama askofu.

"Uligombana na mwalimu?"

"Kwa nini? Kitabu ni cha baba. Mimi nimekibeba tu."

Hapo ndipo alipojificha. Kama kitabu si chake, hakuwa na sababu ya kuua.

Khisa akapiga miayo. Akasema mwandishi amekwisha kujulikana: ni mwalimu mwenyewe. Kifungu cha wanyama saba wanaokunywa Ziwa Nakuru likakauka hakingetoka kwa mpishi aliyeishia darasa la tatu.

Hiram akakaza taya. "Mwalimu hakuandika hata nukta."

"Nani basi? Wewe? Usinichekeshe, bwana."

"Niliandika mimi. Kila neno."

Yaliyobaki yalitoka bila kuvutwa. "Miaka kumi na mmoja nimehubiri kwa jina langu, wakasinzia. Nilipowapa la marehemu baba, wakalia. Mwalimu akaniambia Yohana alikuwa kifungoni na bado alitia jina lake, na mimi niliye huru naogopa langu. Akacheka. Kengele ilikuwa karibu."

Hakuuliza habari za mjane, wala za familia arobaini. Aliuliza kama daftari litasomwa mahakamani.

"Lote," Khisa alisema. "Na Jumapili Wangare atawaeleza watu nani aliliandika, ili wapande."

Hiram akachukua kalamu. Akayatia sahihi maungamo yake kwa jina lake kamili, kwa herufi kubwa, akalipigia mstari.