Kiduha Kwenye Nyayo za Mama

Kila asubuhi, kabla chai haijachemka, mke wa fundi baiskeli alishuka shambani. Alichuma maua ya zambarau katikati ya mahindi. Aliyafunga kwenye upindo wa kanga. Akakatiza eneo la juu, ambalo lilikuwa bado halijalimwa, mpaka kona ya mwisho. Hapo palikuwa na kaburi dogo. Aliyapanga maua juu ya udongo, akarudi haraka. Mumewe alipoamka, alimkuta anafagia uwanja.

Shamba hilo walikuwa wamelinunua mwaka huo huo. Walichoka kuishi chumba kimoja nyuma ya gereji. Lakini miezi miwili baada ya kuhamia, mtoto wao wa miezi tisa alishikwa na homa ya mapafu. Hawakuwahi hospitali. Wakamzika kwenye ile kona. Tangu siku hiyo mume hakukanyaga kule, na jina la mtoto halikutajwa tena ndani ya nyumba.

Mama aliyapenda yale maua kwa sababu yalijiotea yenyewe. Hakuna aliyeyapanda. Alijiambia kwamba ardhi nayo inamlilia mtoto.

Mavuno ya kwanza yalikuwa haba. Mwaka wa pili wakalima mpaka eneo la juu. Mama mkwe alikuja na jembe lake kusaidia palizi. Alipofika shambani, akashika kiuno.

"Mahindi gani haya? Yamefika magotini yakaona inatosha?"

"Mvua imenyesha, mama," alisema mwanawe. "Samadi sina, lakini mvua imenyesha. Na bado yamejikunyata kama yana kiu."

Usiku ule kila mtu alikula akiangalia sahani yake. Mume akasukuma ya kwake pembeni.

"Mwaka huu yakikataa, tunauza. Narudi kwenye baiskeli zangu."

"Tuuze?" mkewe aliuliza. "Na kule konani je?"

Mume alinyanyuka, akatoka nje.

Asubuhi mama hakuchuma maua. Alikwenda ofisi ya kilimo. Alimkuta bibi shamba, binti mdogo aliyevaa buti zinazompwaya, anapanga magunia ya mbegu. Alimweleza yote, isipokuwa habari ya kaburi.

"Twende nikayaone, dada," alisema bibi shamba.

Shambani, mume na mama mkwe wakitazama, bibi shamba hakugusa majani. Alichimba taratibu kuzunguka hindi moja lililonyauka. Alilitoa pamoja na ua la zambarau lililokuwa kando yake. Akatikisa udongo.

"Tazameni mizizi."

Waliinama wote. Mzizi wa ua ulikuwa umeng'ang'ania mzizi wa hindi.

"Hiki ni kiduha," alisema bibi shamba. "Ni gugu. Shina lake linakwaruza, majani ni membamba, ua ni zuri. Lakini kinanyonya maji na chakula cha mahindi chini kwa chini. Mkikiona kimechomoza, kimeshakula siku nyingi."

"Kama shemeji yangu yule," alisema mama mkwe. "Alikuja kwetu na kijiko tu mfukoni."

Bibi shamba alicheka. Mama hakucheka. Aliutazama upindo wa kanga yake.

"Mbegu zake ni kama vumbi," bibi shamba aliendelea. "Kimche kimoja hutoa maelfu. Zinalala ardhini miaka mingi, zikisubiri mahindi au mtama upandwe karibu."

Walipanda kwenda eneo la juu. Huko mahindi mengi yalikuwa na afya. Ila katikati palikuwa na mstari mwembamba wa zambarau. Ulianzia shamba la chini, ukapita kando ya jiwe kubwa, ukaenda moja kwa moja mpaka konani.

"Ajabu," alisema bibi shamba. "Upepo hutawanya mbegu ovyo. Mstari kama huu, kuna mtu amezibeba."

Mume aliufuata mstari kwa macho. Akafika mwisho wake. Akavua kofia.

"Ulikuwa unapita hapa," alimwambia mkewe.

"Kila siku."

"Hukuniambia."

"Hukuuliza, baba." Machozi yakamtoka. "Nimelitia sumu shamba kwa mikono yangu."

Mama mkwe alimshika bega. Safari hii hakuwa na la utani.

"Hukujua, dada," alisema bibi shamba. "Shamba jipya ni kama mgeni mlangoni. Kabla hujang'oa wala kuacha kitu, uliza kinaitwaje. Kiduha ng'oeni kabla hakijatoa maua, mkichome. Kilichochanua kiwekeni kwenye mfuko taratibu, nacho mkichome. Msikitupe kwenye mboji. Mwakani pandeni kunde au karanga. Kunde hukiamsha kiduha, kisha kikakosa cha kunyonya, kikafa. Na kung'uteni majembe na viatu."

Kisha akalitazama lile kaburi dogo, akaonyesha mmea wenye majani manene yenye miiba, karibu na mpaka. "Ule ni mshubiri. Ni mmea wa asili wa hapa hapa. Haumnyonyi mtu. Ukitaka maua ya kule, hamishia huo."

Siku tatu waling'oa mstari ule, mume akitokea juu, mke akitokea chini. Walikutana kwenye jiwe. Mavuno hayakutosha, na miezi ya njaa ilikuwa mirefu. Lakini hawakuuza.

Mwaka wa tatu walivuna kunde, wakala, wakabakiza za mbegu. Mwaka wa nne mahindi yaliwapita mabega. Kiduha bado kinachomoza hapa na pale, nao wanakiwahi.

Asubuhi moja mume aliamka kabla ya chai. Alikung'uta viatu vyake, akakung'uta na vya mkewe.

"Mshubiri wa kule konani umechanua," alisema. "Twende."

Siku hizi hawakatizi shamba. Wanazunguka kwa njia ya mpakani. Ni ndefu zaidi, na inawatosha kumzungumzia mtoto, kwa jina lake, kwenda na kurudi.