Ruhusa ya Nesta

Debe la kiti cha saba lilikutwa limejaa, na hilo ndilo lililoanza kumkosesha Mbonile raha. Si kwamba debe kujaa ni ajabu. Ghala zima lilijengwa ili madebe yajae. Ila jana yake jioni aliliona kwa macho yake mawili limepungua shubiri nzima kufika ukingoni. Yeye ndiye aliyefunga mlango, ufunguo ulilala shingoni mwake, na mwenye kiti hicho, Nesta, alikuwa amefariki alfajiri nyumbani kwa mama yake.

Basi Mbonile akafanya kama tufanyavyo wengi tukiona kitu tusichokitaka. Akamimina ile kahawa guniani, akajiambia labda jana hakuangalia vizuri. Hakuangalia vizuri, yeye koplo mzima aliyerudi kutoka vitani Bama, aliyepewa unyapara kwa ajili ya hayo hayo macho yake. Haya, tumwache ajidanganye kidogo.

Ulikuwa mwaka wa tatu tangu vita ya Hitla iishe, na shamba lile la mzungu katika miinuko ya Mbozi lilikuwa na kahawa nyingi kuliko mikono. Wanawake kumi na wawili walikaa benchi moja refu mbele ya meza moja refu, wakichambua punje: nzuri kwenye debe, mbovu na zilizovunjika chini. Kila debe lilipakwa namba nyeupe. Zamani waliimba. Nesta ndiye aliyekuwa akianzisha, na wimbo ukishakolea mikono ilikwenda yenyewe, jioni ikafika bila mtu kuiulizia. Kisha akaja mwenye shamba mpya, mzungu mwingine. Aliona wanawake wanatazama barabarani, akapigilia mbao madirishani kwa misumari ya inchi nne. Ndipo wakamwita Bwana Misumari. Akakataza nyimbo, akakataza maongezi, akakataza mtu kutoka nje kabla chuma cha reli hakijagongwa. Vumbi la maganda, ambalo zamani lilitokea dirishani, sasa likabaki humo humo na watu.

Nesta akaanza kukohoa. Kilikuwa kikohozi kikavu, cha mara mbili mbili, kisha kimya, kisha mara mbili tena. Siku yake ya mwisho, saa tisa, aliinuka, akaja mpaka aliposimama nyapara, mkono mmoja umeshika meza.

"Baba Luka, naomba ruhusa. Kifua kinanibana. Niende nikalale."

Mbonile alitazama debe, hakumtazama yeye. "Maliza debe kwanza."

"Limebaki kidogo tu, Baba Luka."

"Ndiyo maana. Maliza, uende."

Akarudi kukaa. Haikupita nusu saa akaanguka juu ya meza, uso ndani ya kahawa, wakamtoa kwa machela. Asubuhi habari ilipokuja, wanawake waliomba waende msibani. Kwao, mtu akifa, hakuna anayegusa jembe mpaka waombolezaji wanyanyuke mkekani, na hilo Mbonile hakuhitaji kufundishwa, maana alizaliwa hapo hapo. Lakini lori la kuchukua kahawa lilikuwa linakuja Jumamosi. "Mtakwenda Jumapili," aliwaambia. Mkewe Priska, aliyekaa kiti cha kumi na mbili karibu na mlango, aliinamisha kichwa akaendelea kuchambua. Siku nne hakumsemesha nyumbani.

Na kwa Bwana Misumari hakuna aliyesema kitu. Yule bwana hakujua sura ya hata mmoja wao. Alikuwa akipita jioni akisoma namba za madebe. Mbonile alijua fika kwamba akisema mwenye kiti cha saba amekufa, ataulizwa kafaje, na jibu analo. Debe limejaa, bwana haulizi.

Siku ya pili likajaa tena, na ya tatu. Ungelitazama asubuhi, ni tupu, na mbele yake benchi tupu. Ungegeuka kumkemea mtu, ukarudisha macho, limefika nusu. Sauti yake ilisikika ghala likitulia, ta, ta, ta, punje moja moja juu ya bati, kwa mwendo ule ule wa Nesta ambao kila mmoja pale aliujua. Ikaja na harufu, harufu ya maganda mabichi yaliyovunda, mchana kweupe, katika ghala la kahawa kavu.

"Ni mzimu," wanawake walinong'onezana.

Mbonile, aliyewahi kukaa Dar es Salaam miezi miwili akingoja meli ya vitani, alikuwa na neno la huko pwani. "Ni jini tu limeona kiti kitupu," alisema, kana kwamba hilo lilikuwa afadhali. "Litachoka, litaondoka."

Halikuchoka. Enesi, wa kiti cha nane, alimfuata wakati wa uji. "Ananigusa kiwiko, Baba Luka. Kama zamani, nikisinzia, alivyokuwa akinigusa niamke. Baridi yake inaingia mpaka kwenye mfupa." Na hapo hapo akakohoa, mara mbili, kavu, akaziba mdomo kwa khanga.

Sasa sikilizeni akili ya mwenye shamba. Bwana Misumari aliona kiti cha saba hujaza debe kabla ya wote, tena punje safi, hakuna mbovu hata moja. Akafurahi. Akaja ghalani akagonga lile debe kwa fimbo yake.

"Hii namba saba mzuri sana," akasema. "Iko weza debe mbili siku moja. Basi yote naweza. Kesho kila mtu debe mbili, chakula baadaye."

Hivyo walio hai wakawekewa kipimo cha maiti. Uji wa saa sita ukafutwa. Wanawake walichambua macho yamewatoka, vidole vimechubuka, na kadiri walivyokimbizwa ndivyo kazi ilivyoharibika. Punje mbovu zikapita pamoja na nzuri, magunia yakarudishwa, bwana akagomba, mwendo ukaongezwa. Wawili walisinzia wakiwa wameketi. Mmoja alilia mchana kutwa bila kujua kwamba analia. Kiti cha saba peke yake ndicho hakikupungukiwa.

Wiki haikwisha, Enesi akatolewa kwa machela.

"Kiti cha nane kisikae bure," bwana akaagiza.

Mbonile akamleta Roda kutoka shambani, mwanamke kijana mwenye mtoto mgongoni. Roda alisimama nyuma ya benchi, hasogei, hakatai. Ndipo Priska alipoinuka kule mlangoni, akakusanya khanga yake, akapita nyuma ya wenzake wote, akaketi kiti cha nane.

"Mama Luka, rudi mahali pako," Mbonile akamwambia kwa sauti ya chini.

"Roda ana mtoto mchanga. Mimi wangu wamekua," Priska akajibu bila kugeuka. "Wewe ulitaka kiti kikaliwe. Kimekaliwa."

Siku ya tatu Priska akakohoa. Mbonile alikuwa upande wa pili wa meza, na aliposikia ile mara mbili kavu akatamani awe ni mwingine, yeyote, Mungu amsamehe, hata Roda. Jioni, wakipanda kwenda nyumba za vibarua, mkewe alisimama njiani mara tano kupumua.

"Acha kazi," Mbonile alimsihi. "Nitasema umeachishwa."

"Halafu umweke nani? Nitajie jina lake, nikamuage."



Jumapili, watu wakiwa ibadani, Mbonile alivuka kijito kwenda kwa mama yake Nesta, Bibi Tabita, na jogoo kwapani. Alikuwa amesikia kwamba mzimu hutulizwa, akadhani mama atajua kwa dawa gani. Mama yule alikuwa uani akipeta mahindi. Alimtazama jogoo, akamtazama yeye.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, nyapara. Mfungue huyo kuku, unamwumiza."

Mbonile akamwachia jogoo, akasimama mikono mitupu. Akaeleza yote, debe, harufu, Enesi, mkewe. Bibi Tabita alipeta mpaka ungo ukaisha.

"Usiku ule alikuwa na homa," akasema. "Vidole vyake havikutulia. Vilikuwa juu ya mkeka hivi, hivi, vinachambua. Ananiuliza, mama, debe limejaa? Nikamwambia limejaa mwanangu, lala. Akanitazama. Akasema, wewe si nyapara." Akaweka ungo chini. "Kufa amekufa, lakini ruhusa hajapewa. Atakujaje nyumbani? Aliiomba kwako wewe. Mimi nimemlilia, mwinjilisti amemwombea, hakuna aliyesikia huko. Nenda ukampe."

Mbonile alirudi analia, na aliyemwona akilia njiani ni kuku wa watu tu.

Jumatatu, chuma kilipogongwa na benchi likajaa, na ile sauti ikaanza, ta, ta, ta, alikwenda akasimama mbele ya kiti cha saba, na kadiri alivyosogea ndivyo harufu ilivyozidi na baridi ikamshika kuanzia miguuni ikapanda magotini ikapanda tumboni, na akaona, wala hakupenda kuona, kwamba punje zilizo mezani zinajitenga zenyewe, nzuri huku na mbovu kule, kwa haraka, haraka kuliko mkono wa mtu, kama mikono iliyofukuzwa muda mrefu mno na ikasahau kwamba kuna kusimama. Priska alikohoa pembeni. Sauti ya Mbonile, ile iliyozoea kukemea, ilitoka nyembamba.

"Nesta. Debe limejaa."

Punje zikasita.

"Limejaa siku nyingi. Uliniomba ruhusa nikakunyima, nami nilikuona unaumwa. Nilikosa. Mimi nyapara nasema mbele ya wenzako, umepewa ruhusa. Nenda nyumbani, mama anakungoja."

Benchi lililia kidogo, kama mtu ameinuka. Khanga ya Roda, aliyekaa sasa kiti cha Priska karibu na mlango, ikapepea. Mlango ukafunguka taratibu, ukakaa wazi. Mbonile akachukua sululu akang'oa mbao za madirishani moja baada ya nyingine, upepo ukaingia, vumbi likatoka, na Priska akavuta pumzi moja ndefu mpaka mwisho bila kukohoa, kisha, kwa sauti ya kukwaruza, akaanzisha wimbo wa Nesta. Siku ile wanawake walijaza madebe hakuna aliyewahimiza, yote isipokuwa la saba.

Jioni Bwana Misumari akaja. Akaona madirisha. Akaona debe tupu.

"Namba saba iko wapi?"

"Amekufa, bwana," Mbonile akasema. "Alikufa tangu mwezi wa saba. Mimi sikukwambia. Leo nimempa ruhusa."

Katika maneno yote hayo yule bwana alisikia moja tu. "Ruhusa? Nani nasema wewe toa ruhusa? Hapa mimi tu natoa ruhusa." Uso umemwiva. Akageukia mlango uliokuwa wazi, kule nje njia ya kijitoni inakoteremka, akapaza sauti kama anayemwita mvivu aliyejificha vichakani. "Namba saba! Rudi kazini!"

Wimbo ukakatika. Mbonile alikuwa akiutazama mlango na hakuona kitu kinachopita, lakini harufu ilipita, maganda yaliyovunda, karibu na uso wake, na benchi kwenye kiti cha saba likabonyea.

Ta, ta, ta.

"Iko sasa," bwana akasema, akalisogelea debe kutazama punje zinavyoingia. Akatabasamu kweli. "Mzuri. Mzuri sana."

"Inukeni," Mbonile akawaambia wanawake. "Wote. Nimewapa ruhusa, msingoje chuma. Nendeni."

Wakainuka, wakatoka mmoja mmoja, Roda na mtoto wake mbele. Priska alibaki. Mumewe alikuwa amesimama pale pale, ufunguo shingoni, miguu haiendi, na macho yake yalikuwa ya mtu anayengoja kuambiwa.

"Baba Luka."

"Mimi nani atanipa?"

Priska alimvua ule ufunguo, akauweka mezani. Akamshika mkono. "Nimekupa mimi. Twende."

Nyumba ya shamba waliiacha na vilivyomo, wakashika njia ya kijiji cha Mpemba kwa kaka zake Priska, na wenzao wakawasindikiza mpaka kwenye kona. Pale konani upepo ukaleta kutoka ghalani kikohozi, kikavu, mara mbili. Wanawake wote wakamgeukia Priska kwa hofu, kwa kuwa ndiye aliyekuwa akikohoa hivyo.

Priska akatikisa kichwa. "Si mimi," akasema.

Kikaja tena, mara mbili, kizito kidogo, cha mwanamume. Roda akamfunika mtoto wake vizuri, wakaongeza mwendo.