Chupa Iliyooshwa Ikatakata

Kila Alhamisi masomo yakiisha, Ikupa alishuka ziwani, chini ya kijiji chao upande wa Masukulu, kupima maji ya pale watu wanapoogelea. Kazi haikuwa ngumu. Alijaza chupa aliyoleta bwana afya, kisha ikakaa kabatini shuleni siku mbili. Maji yakigeuka meusi, maana yake yana kinyesi, na bendera nyekundu inapandishwa. Yasipobadilika, ya kijani.

Ikupa alipenda usafi kupita kiasi. Alhamisi hiyo aliona unga umeganda ndani ya chupa. Lo, uchafu gani huu! Akausugua kwa sabuni mpaka chupa ikatakata, ndipo akateka maji.

Jumamosi maji yalikuwa meupe pe. Bendera ya kijani ikapanda, na mchungaji akafurahi, kwani kesho yake watu ishirini wangebatizwa ziwani, akiwamo Ackson, mdogo wake Ikupa. Wageni walikwisha kufika kutoka Kiwira.

Mchana, Mwalimu Esnath aliwaonyesha wanafunzi wapya chupa nyingine. "Huu unga msiuguse," alisema. "Ndio dawa inayopima."

Ikupa akakumbuka unga aliousugua. Kumbe hakupima kitu! Na mvua ilinyesha wiki nzima, na vyoo viko mteremkoni. Lakini nani alimwona? Akisema, sherehe itavunjika, na watoto watamcheka mwaka mzima. Alitamani kunyamaza, tena sana. Kisha akamfikiria Ackson, ambaye hata akinawa uso humeza maji.

Akamfuata mwalimu, akamweleza yote huku analia.

Bendera ikashushwa, ubatizo ukaahirishwa. Ackson alinuna, hakumsemesha dada yake siku mbili. Maji yakatekwa upya kwa chupa mpya, na Jumatatu yakawa meusi kama masizi. Wanakijiji walipofuatilia, wakakuta choo kimoja kimefurika hadi ziwani. Walikifukia, wakachimba kingine mbali, na baada ya wiki tatu maji yakapimwa, yakaonekana salama, watu wakabatizwa.

Siku hiyo Ikupa alisimama ufukweni, bado ana aibu. Mwalimu Esnath akamshika bega.

"Kuosha chupa ulikosea tu, mwanangu, na kila mtu hukosea," alisema. "Lakini ungejua kosa lako ukanyamaza, hawa wote wangeingia kwenye maji machafu kwa kukuamini wewe. Ukweli wako ndio uliowalinda."