Mtambuu na Jirani Yake Mpya

Kila alasiri, baada ya chai, Bi Hussaina hula tambuu. Popoo na tumbaku aliacha zamani, alipokatazwa na daktari. Siku hizi hutaka jani bichi tu, iliki, shamari na sukari kidogo. Jani lenyewe huchumwa uani, kwenye mtambuu alioupanda alipoletwa Mji wa Kale akiwa bibi harusi. Mtambuu huo umepanda fito za ukutani mpaka umefika dirisha la juu.

Bi Hussaina anaishi na mwanawe Faraz, anayefanya kazi katika kampuni ya malori Shimanzi, pamoja na Marziya, mke wa Faraz. Macho ya Bi Hussaina yamepungua nuru. Kwa hiyo Marziya ndiye huchuma jani, akalikunja, akampa mkononi. Marziya mwenyewe hali tambuu. Husema yamwasha ulimi.

Lakini mimea ya mapambo anaipenda mno. Siku moja alipata ujumbe kwenye simu. Ulitoka kwa Rosebella, mwenye kitalu karibu na Makupa. Rosebella huuza mimea na kupanga bustani za nyumbani.

"Mvua za mwaka zimekaribia," aliandika Rosebella. "Huu ndio wakati wa kupanda. Tumepokea mimea mipya. Upo mtambaa wa kijani unaoitwa potosi. Hautaki jua jingi. Wafaa sana uani."

Marziya hakungoja. Rosebella alikuja, akapima ua, akauliza jua laingia saa ngapi. Kisha akapanga vyungu vyake. Chungu cha potosi alikiweka chini ya mtambuu, kwa sababu fito za kupandia zilikuwa tayari pale.

Mvua zikanyesha. Ua ukapendeza, majirani wakaja kutazama. Potosi nayo ikakua, ikajisokota kwenye mtambuu. Majani yake yalikuwa ya kijani, yanang'aa, na yamechongoka nchani, kama ya tambuu.

"Marziya, mwanangu, tambuu yangu iko wapi?" aliita Bi Hussaina alasiri moja.

"Yaja, Mama!"

Marziya alichuma jani haraka, akalikunja, akampa. Bi Hussaina alitafuna kidogo tu. Ghafla akashika shavu.

"Marziya! Wanipa nini? Mdomo wawaka moto!"

Midomo yake ilianza kuvimba. Faraz alikuwa nyumbani siku hiyo.

"Lete maji ya chumvi!" alisema. "Tumtapishe!"

Marziya alikimbia uani kutazama alikochuma jani. Kikonyo kilichokatika kilikuwa cha potosi. Akampigia simu Rosebella.

"Msimtapishe!" alisema Rosebella. "Utomvu utamchoma koo mara ya pili. Ateme yote. Asukutue kwa maji, kisha anywe maziwa baridi kidogo kidogo. Mpelekeni hospitali sasa hivi, mchukue na jani. Koo likivimba atashindwa kupumua."

Walifanya hivyo. Daktari aliliona jani, akamtazama Bi Hussaina koo, akampa dawa. Walikaa hospitali mpaka uvimbe ulipopungua.

"Mmefanya vyema kuja mapema," alisema daktari. "Na angekuwa mtoto mdogo, hatari ingekuwa kubwa zaidi."

Mdomo ulipona. Nyumba haikupona. Bi Hussaina alikataa kula chochote kilichotoka mkononi mwa Marziya. Alijipikia chai mwenyewe, akipapasa jiko. Marziya alilia.

"Mama adhani nilikusudia," alimwambia Faraz. "Nitamwambia nini anisadiki?"

Siku ya pili Rosebella alibisha hodi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ing'oe mimea yako yote, uende nayo."

"Nimesikia, mama. Lakini kwanza nisikilize. Kosa ni langu. Niliuliza jua laingia saa ngapi. Sikuuliza humu ndani mnakula jani gani. Mmea wa mapambo haupandwi pamoja na mmea wa kuliwa. Nalijua hilo. Niliona fito zipo, nikataka kumaliza kazi upesi."

Alivaa glavu, akachuma jani moja la kila mmea. Akafikicha la kwanza.

"Nusa, mama, lakini usionje."

"Hii ni tambuu," alisema Bi Hussaina mara moja. "Yapanda mpaka puani."

"Na hili?"

Bi Hussaina alinusa tena. "Halina kitu. Nyasi tu."

"Macho ya Marziya ni mazima, na yamedanganyika," alisema Rosebella. "Hata mimi kwa mbali nakosea."

Bi Hussaina akamgeukia Marziya.

"Nilikudhania vibaya, mwanangu. Nisamehe."

Marziya alimbusu mkono.

Rosebella aliifungua potosi taratibu kutoka kwenye mtambuu, asiache hata kipande. Akaining'iniza juu ya ngazi, mahali ambapo mtoto hafikii wala paka. Halafu alinawa mikono kwa sabuni.

Mvua za vuli zilipokaribia, wateja wa Rosebella walipata ujumbe mpya. "Mimea ya msimu imefika. Kabla sijakuuzia, niambie: kwako kuna watoto au mifugo? Na uani kwenu mnachuma nini cha kula?"

Alasiri hiyo Marziya alileta jani likiwa wazi, halijakunjwa. Bi Hussaina alilifikicha ukingoni, akalinusa. Kisha akalirudisha mkononi mwa Marziya.

"Nikunjie wewe, mwanangu," alisema. "Nikikunja mimi, iliki yote yamwagika."