Swali Ndani ya Ukungu

Mwaka 1956 hapakuwa na mwanafunzi Mbeya nzima aliyejua jiografia kama mimi, Makame wa Othmani, wala hapakuwa na kitu duniani kilichoweza kunitia hofu. Nayasema haya mapema ili msije mkasema hamkuambiwa.

Kila asubuhi nilikunywa chai dukani kwa baba, katikati ya majora ya kaniki na kandili za kuuza, kitabu cha jiografia kikiwa wazi mbele yangu. Nilikuwa darasa la nane. Mtihani wa kwenda sekondari ulikuwa umekaribia, na baba alikwisha kusema neno lake: nikifaulu, nitaendelea kusoma, nikishindwa, nitapanda lori kwenda Chunya kumsaidia kaka Matano kuwauzia wachimba dhahabu sembe na sururu. Kaka alipokuja nyumbani sikukuu ya Idi, vumbi la Chunya lilimtoka hata masikioni. Mimi vumbi lile sikulitaka.

Kwa hiyo nilisoma. Nilisoma ukurasa, nikaurudia, nikaurudia tena, mpaka macho yakawa yanateleza juu ya mistari bila kukwama popote. Nikajiambia, basi, imeingia.

Njia ya shuleni ilipanda kuelekea mlimani kati ya miti ya mikaratusi, ikapita kando ya banda bovu lililokuwa la kukaushia pareto. Nyuma ya banda palikuwa na kaburi la Mwalimu Yotamu. Huyu alitufundisha jiografia mpaka homa ya mapafu ilipomchukua mwanzoni mwa mwaka. Alikuwa na tabia moja tuliyoichukia wote. Alikohoa kidogo, akasema, "Haya, vitabu chini," akauliza swali, kisha akanyamaza na kutazama dirishani mpaka jasho litutoke. Wenzangu walinong'ona kwamba mtu aliyekufa kabla ya kumaliza silabasi hawezi kulala vizuri. Mimi niliwacheka.

Mvua za kwanza zikaja, na ukungu ukashuka. Asubuhi moja ulikuwa mzito hata sikuiona mikono yangu mwenyewe. Nasi watu wa huku tuna desturi yetu ya ukungu: ukisikia mtu karibu, unaita, naye anakuitikia. Ukiitwa ukakaa kimya, watu huanza kujiuliza wewe ni kiumbe gani.

Nilipolikaribia banda, maji yalikuwa yakidondoka kwenye majani, tone, tone. Halafu nikasikia kikohozi kidogo.

"Haya, vitabu chini."

Mkono wangu ulikifunga kitabu bila kuniuliza mimi.

"Kwa nini Tukuyu kuna mvua nyingi, na Chunya ni kukavu?"

Kisha kimya. Kimya kile kile cha dirishani. Desturi ilinitaka niitikie, na jibu lenyewe nilikuwa nimelisoma jana yake, na juzi, na asubuhi ile ile kwenye chai. Niliuona ukurasa mzima kichwani: picha ya mlima juu, doa la mafuta ya andazi chini. Lakini maneno hayakuwapo. Katikati ya mlima na lile doa palikuwa peupe kama ule ukungu.

Sauti ikajijibu yenyewe, polepole, kama mtu anayevuta kamba kutoka kisimani. Upepo hutoka Ziwa Nyasa umebeba unyevu. Hugonga milima ya Rungwe, hupanda, hupoa, mvua hunyesha. Ukifika Chunya, nyuma ya milima, hauna kitu tena.

"Tutarudia keshokutwa," ikasema, "ukianza kusahau."

Hapo niliondoka. Niliondoka kwa heshima, nikitembea haraka kidogo kwa sababu ya kuchelewa. Kofia yangu ilipeperushwa na upepo, sikuona haja ya kuirudia.

Kilichonitesa siku nzima hakikuwa mzimu peke yake. Nilikuwa nikikifunga kitabu, najiuliza swali moja, na kichwa kinabaki kimya. Ukurasa baada ya ukurasa. Nilianza kulisikia lori la Chunya likinguruma. Mwishowe nikamwendea Mwalimu Eliezeri, mtu wa Kihesa, Iringa, aliyekuja kushika nafasi ya marehemu. Nilimweleza yote, nikidhani atacheka. Akaniambia tu, "Keshokutwa tutakwenda wote."

Siku ilipofika tulisimama kando ya banda, ukungu umetufunika. Nilishika mkono wa koti lake, maana kulikuwa na baridi. Kikohozi kikaja. Vitabu chini. Swali lile lile, kimya kile kile.

"Ugonile," mwalimu akaita, kwa salamu ya Kinyakyusa.

Kitu kikaguna. Umbo refu lisilo na shingo likasogea, na kichwa chake kilikuwa cha mraba. Nikajikuta nyuma ya koti la mwalimu. Ndipo nikaona kwamba kile kichwa ni debe la maziwa, na chini yake ni Damari, msichana wa darasa letu, ambaye kila asubuhi alishusha maziwa ya baba yake mjini kabla ya shule.

"Shikamoo mwalimu," alisema, akilishika debe kwa mikono yote miwili. "Najiuliza tu. Kichwa kimebeba debe, mikono imelishika, kitabu nitakishika na nini?"

"Na kikohozi je?" nikauliza.

"Nisipokohoa kama Mwalimu Yotamu, swali haliji."

Mwalimu Eliezeri alivua kofia yake, akaligeukia kaburi. "Basi bado anafundisha," alisema.

Tukipanda kwenda shule alinieleza. "Makame, wewe umeuzoea ukurasa, ukadhani unaujua. Jicho likikiona kitu mara nyingi hukisalimia kama jamaa, lakini kwenye mtihani ukurasa haupo. Mwenzako anakilazimisha kichwa kulitafuta jibu bila kitabu. Akikosa, anasoma tena. Halafu analiacha mpaka lianze kupotea, analivuta upya. Kila akilivuta, linakaa zaidi. Inachosha, na ndiko kujifunza kwenyewe."

Tangu siku ile nilipanda na Damari kila asubuhi, akisha kushusha maziwa, tukiulizana ndani ya ukungu. Tulifaulu wote wawili. Lori la Chunya liliondoka bila mimi.

Likizo yangu iliyopita Mwalimu Eliezeri aliniomba niwasimulie kisa hiki wanafunzi wake. Nikakisimulia kama nilivyokisimulia hapa, na nilikuwa nimefika kwenye ile kofia pale mlango ulipofunguliwa. Aliingia Damari, sasa anasomea ualimu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaja mbele, akakohoa kidogo.

"Haya, vitabu chini. Asubuhi ya kwanza nilimsikia mtu akikimbia huku anamwita mama yake, na kofia hii niliiokota kwenye tope." Akaitoa mfukoni, akaiweka mezani. "Sasa niambieni. Ukungu ukiwa mzito vile, umetulia bila kusogea, upepo wa kupeperusha kofia ulitoka wapi?"

Kisha akanyamaza, akatazama dirishani. Darasa zima likanigeukia mimi.