Isale Lililonifunga Kinywa

Ndugu zangu mnaosoma, mimi ni mjane wa miaka hamsini na mitatu, Mchaga wa Machame, Mlutheri wa kuzaliwa, mkazi wa Levolosi hapa Arusha. Nauza mitumba. Sokoni wananijua kwa mdomo wangu. Mteja akipekua blauzi zangu zote halafu aondoke bila kununua, siku hiyo atanitambua! Lakini kuna neno moja ambalo mdomo huu haukulisema siku ulipotakiwa, na hilo ndilo linanitafuna mpaka leo...

Mume wangu, Baba Aika, alikuwa dereva wa kiwanda cha serikali. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, maduka yanajaa sabuni na vitenge huku viwanda vinafungwa. Kiwanda chao kikauzwa, na mwenye mali mpya akaja na madereva wake. Baba Aika akarudi nyumbani na sanduku lake la spana, akalisukuma chini ya kitanda. Hakuligusa tena.

Mimi nilikuwa na desturi niliyoirithi kwa mama yangu. Kila alfajiri, kabla sijawasha jiko, nilipiga magoti karibu na dirisha nikaomba kwa sauti. Niliwataja wote kwa majina: Baba Aika, binti yetu Aika, wazazi, majirani, hata yule wa meza ya pili sokoni aliyezoea kuniibia wateja. Mume wangu alinitania akiwa bado amejifunika blanketi: "Mama Aika, punguza sauti, Mungu si kiziwi!" Nami nilimjibu kwamba Mungu si kiziwi kweli, ila kuna mtu humu ndani ni mzito wa kuamka. Tukicheka hivyo, siku inaanza. Tulikuwa maskini, lakini tulipendana.

Akaenda Mererani kuchimba tanzanaiti. Akawa apolo, ndivyo wanavyowaita wachimbaji kule. Kila Jumamosi alirudi amejaa vumbi jeusi hadi kwenye kope. Mashimo ya jirani yalitema mawe, watu wakanunua magari na kujenga. Shimo lao? Halikutema hata chembe! Tajiri mwenye shimo akachoka, akaleta mganga kutoka mbali.

Mganga yule aliwapanga apolo mstari, akawapima mmoja mmoja. Alipofika kwa mume wangu akatikisa kichwa. Akasema nyumbani kwa huyu kuna mwanamke anayepiga kelele kwa Mungu alfajiri, na jiwe likisikia kelele hizo linakimbia.

Jamani! Alijuaje? Nilikuja kuelewa baadaye. Baba Aika mwenyewe alikuwa akiwasimulia wenzake utani wetu wa alfajiri, wakicheka wote pale shimoni. Maneno yakamfikia mganga kabla hata hajawapanga mstari.

Jumamosi ile alirudi amefungwa hirizi ya kitambaa cheusi mkononi. Akaniambia kuanzia leo hakuna maombi katika nyumba hii. Nilidhani anatania, nikacheka. Yeye hakucheka. Wiki iliyofuata kitabu changu cha nyimbo kikapotea mezani, nikakikuta kimetupwa stoo nyuma ya gunia la mkaa. Nilimwona mume wangu anakaa mezani kwangu, anakula ugali wangu, lakini macho yake hayakuwa yale niliyoyazoea.

Alfajiri moja akanikuta nimepiga magoti. Akanipiga. Alikuwa hajawahi kunipiga tangu tuoane! Aika alisimama mlangoni, ameona yote. Nilimshika mkono mwanangu, nikaenda Olasiti kwa kaka yangu.

Kule niliomba kwa sauti kubwa kuliko mwanzo. Nilisema na Mungu kama mtoto anayemsemea mwenzake: mwone huyu mwanaume, mrudishe, mvue kile kitambaa! Na siku moja nikamwona anakuja na baba yake mdogo, wamevaa makoti. Mkononi mwa mzee kulikuwa na jani la isale.

Kwa asiyejua mila yetu Wachaga, isale ndilo jani la kuombea msamaha. Mtu amekukosea hata vipi, akikujia na isale, huwezi kumfukuza. Tangu utoto tunaambiwa kwamba anayelikataa isale, mabaya yatamfuata hadi kwa watoto wake. Nililia kwa furaha. Nilisema Mungu amejibu! Nikalipokea lile jani kwa mikono miwili, nikasema nimesamehe.

Mzee akakohoa. Akasema, "Mkwe wangu, umelipokea. Sasa mwenzio ana ombi moja juu ya jani hilohilo."

Baba Aika hakuniangalia usoni. Akasema tajiri atamfukuza shimoni nisiponyamaza. Nisiombe, iwe kwa sauti au moyoni, mpaka jiwe lipatikane. "Ni kipindi tu, Mama Aika," akanibembeleza. "Shimo likitema utaomba mpaka koo likauke."

Ningelitupa lile jani! Ningelikanyaga! Lakini nilimtazama Aika, nikakumbuka yale mabaya yanayofuata watoto. Mimi, niliyepiga magoti kila siku ya maisha yangu, nikaogopa jani... Nikaitikia.

Tukarudi Levolosi. Wasomaji wenzangu, sijui niwaelezeje ukimya wa nyumba ile. Niliamka saa zilezile kwa mazoea, nikakaa kitandani kama mgonjwa. Aika akaniuliza, "Mama, leo hutuombei?" Nikamwambia alale. Kanisani nilifungua kinywa wenzangu wakiimba, sauti haikutoka. Masika yakaja na mvua za kutisha, wingu likaufunika Meru, tukakaa siku nyingi bila kuuona mlima.

Siku ya mwisho aliyoondoka, Baba Aika alisimama mlangoni na mfuko wake begani. Zamani hapo ndipo nilipokuwa nikimwekea mkono begani na kuiombea safari yake. Alisimama. Akarekebisha mfuko. Akasimama tena. Nilidhani amesahau kitu! Nikamwambia safari njema, nikaendelea kupanga nguo zangu za sokoni.

Haikupita wiki. Alfajiri moja nilishtuka, jasho linanitoka, jina la mume wangu liko kwenye ulimi. Magoti yenyewe yalitaka kushuka chini. Nikakumbuka isale. Nikajifunika kanga kichwani, nikageukia ukutani, nikakaa kimya mpaka kukapambazuka.

Mchana wake wakaja watu nyumbani, wamevua kofia. Mwamba ulikuwa umeporomoka.

Tulimzika Machame, kihambani kwao, kwenye shamba la ukoo. Baada ya mazishi akaja kwangu mwanaume mmoja mwenye bandeji kichwani. Anaitwa Loserian, Mwarusha, alifukiwa pamoja na Baba Aika katika uwazi mdogo, na yeye peke yake ndiye aliyefikiwa akiwa hai. Alinipa pole, akaketi karibu nami. Kisha akaongea.

"Shemeji, kule chini taa zilizima. Mimi nililia, sikufichi. Mumeo aliniambia nimkatie ile hirizi ya mkononi. Nikaikata kwa meno. Akaniambia, 'Usiogope, Loserian. Huu ni muda wa alfajiri. Mke wangu amepiga magoti sasa hivi, anatutaja. Yule mwanamke hawezi kunyamaza, namjua.' Akasema hivyo mpaka pumzi ikamwisha."

Nilianguka pale pale. Wanawake wakadhani ni uchungu wa mfiwa. Ni mama yangu tu niliyemweleza ukweli, kwamba nilinyamaza kwa ajili ya isale. Alinishika mashavu, akalia. Akasema, "Mwanangu, isale ni la binadamu kusameheana. Nani alikufundisha kwamba linaweza kusimama kati yako na Mungu wako?"

Sisemi kwamba ningeomba mwamba usingeporomoka. Mungu hapangiwi kazi na Mama Aika. Na alfajiri iliyofuata nilirudi magotini, nimevimba macho, sina neno zaidi ya "Baba, nimerudi." Alinipokea. Amenilinda mjane, amenisomeshea Aika mpaka leo ni mwalimu. Hajawahi kuniacha, hata nilipomfungia mlango kwa jani.

Lakini nawasihi, hasa ninyi mlio kwenye shida sasa hivi. Njaa ikija, kazi ikiisha, mtu akikwambia acha kuomba kidogo tu mambo yanyooke... kataa! Hata akiwa mume. Hata akija na wazee wa ukoo na jani mkononi. Msamehe mtu, ila usimpe maombi yako. Hujui ni nani yuko gizani saa hiyo, anajipa moyo kwa kuwa anaamini unaomba.

Masale yamezunguka kaburi la Baba Aika, ndivyo mila inavyotaka. Nikienda Machame huwa napiga magoti katikati yake, namtaja kwa sauti. Alfajiri ile, kule chini, alisema, "Yule mwanamke hawezi kunyamaza, namjua." Nami nilikuwa macho, nimejifunika kanga, kimya.