Mgongo Usiokuwa Daftarini

Kinyanyuzi kilipitisha mikono yake minne chini ya Mzee Kalembo, kikamwinua taratibu kama mtu anayeopoa andazi kwenye mafuta, kikamlaza ubavu. Mzee wa kilo mia na kumi hakuguna hata kidogo. Hospitali ya Nyotambili ilikuwa na mtambo huo mmoja tu, na wauguzi waliuita Bwana Mikono.

"Bega langu la pili linakwaruza," kilisema kwa upole.

Papo hapo taarifa ikaondoka yenyewe: siku, saa, chumba, kilichotokea, aliyeona. Mzee hajamaliza kujifunika miguu, mafundi wawili hao mlangoni na mafuta yao.

Muuguzi Sikudhani aliwatazama kwa wivu wakilipapasa lile bega. Mgongo wake ulikuwa ukimchoma mwaka wa tatu sasa. Nani aliwahi kuupapasa?

"Wanakibembeleza kama bibi harusi!"

Mzee Kalembo akacheka. "Kitendawili!"

"Tega, Mzee."

"Hubeba kila mtu, naye hana wa kumbeba."

"Kitanda."

"Umekosa! Nipe mji."

"Haya, chukua Tanga."

"Ni wewe, mwanangu."

Sikudhani hakucheka. Mfukoni alikuwa na barua ya onyo: alichelewa kumgeuza mgonjwa, na asipojitetea kabla ya adhuhuri, anaondolewa wodini. Alikuwa ameshamwambia Matroni Perpetua kwamba ni mgongo. Matroni akamuuliza, "Imeandikwa wapi?"

Haikuandikwa popote. Miaka mitatu alijaza daftari la makabidhiano ya zamu kwa vidonda na homa za watu, hata mikwaruzo ya Bwana Mikono. Yeye mwenyewe hakujiandikia hata mstari mmoja.

Mafundi walipoondoka alikiendea kinyanyuzi kwa kijicho. "We bwana, ukienda kutengenezwa, nani hubaki akinyanyua watu hapa?"

"Sikudhani, peke yake. Mara arobaini na moja. Kamera za wodi huniletea picha. Ninazo tarehe zote."

"Mbona husemi?"

"Huulizwa habari za bega langu tu."

Akachukua fomu ya hitilafu za mitambo. Palipoandikwa "mtambo" akakata, akaandika "muuguzi". Hakuandika kwamba ameonewa. Kinyanyuzi kikimtajia, aliandika siku, saa, kitanda, kilo alizoinua, na jina la shahidi. Akatoa nakala mbili, akazipeleka ofisini kwa matroni.

"Gonga muhuri zote, Matroni. Moja naondoka nayo."

Matroni Perpetua alisoma mpaka mstari wa arobaini na moja. Akagonga muhuri mara mbili.

"Onyo nalifuta. Kuanzia leo Bwana Mikono akiwa kwa mafundi, hakuna kumgeuza mgonjwa peke yako." Kisha akashusha sauti. "Hiyo fomu, unayo nyingine?"

"Ya nani tena?"

"Goti langu. Tangu nikiwa wodini. Mwaka wa kumi huu."

Sikudhani, aliyekuwa akimwonea wivu matroni huyu hata kwa kile kiti chake cha ofisini, akamsogezea kalamu.

"Anza na tarehe," alimwambia.